Chupa Nyeusi za Kabura

Wacera alikuwa mtu wa mapaa. Akiingia kwako kunywa chai, kabla hajakaa macho yake yalikuwa yamekwisha kupanda juu, yamehesabu boriti na kujua mvua ya Aprili itapenya wapi. Baba yake alikuwa seremala, na kwa kuwa Mungu alimpa mabinti watupu, kazi alimfundisha aliyekuwa karibu. Kwa hiyo wanawake wa kijiji chao, huko upande wa Othaya, walipoanzisha chama cha mabati miaka michache baada ya uhuru, hapakuwa na ubishi kuhusu nani atashika kamba ya kupimia. Ilikuwa kamba ya katani yenye fundo kwa kila futi. Wacera aliivaa kiunoni, na siku asiyoivaa alijiona yuko nusu.

Kazi ya chama ilikuwa moja. Mwezi huu wanawake ishirini na wawili wako kwa huyu, nyasi zinashuka na mabati yanapanda. Mwezi ujao wako kwa yule. Sheria nayo ilikuwa moja: mwanachama haonji pombe. Waliitunga kwa hasira, kwa sababu waume wengi walikuwa wakiinywa kahawa ya mwaka mzima kwa wiki mbili, na watoto wakaendelea kulala chini ya nyasi zinazovuja. Kabla ya bati la kwanza kuguswa, kila mmoja alisimama mbele ya wenzake akasema, "Mdomo yangu ni safi." Asiyeweza kusema hivyo alipaswa kutoka, na hakuna aliyewahi kutoka.

Mwenyekiti alikuwa Kabura, mama mkwe wa Wacera, mjane mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde. Marehemu mumewe alikuwa ameimaliza nusu ya shamba kwa muratina, ile pombe ya asali, na tangu siku ya mazishi Kabura aliichukia pombe kuliko nyoka. Ukipita karibu naye ukinuka, alikutaja jina na jina la baba yako.

Basi ikawa kwamba baada ya wavulana watatu, na miaka minane ya kusubiri, Wacera alijifungua msichana, na msichana wa kwanza, kwa desturi yao, huitwa jina la mama wa baba. Kabura akazaliwa upya. Alimbeba yule mtoto akamwita "mimi", akauliza kila asubuhi, "Mimi nimelala vizuri? Mimi nimenyonya?" Lakini uzazi ulikuwa umemmaliza Wacera. Damu nyingi ilimtoka, akarudi nyumbani midomo imempauka, hawezi kufika mlangoni bila kushika ukuta.

Siku hiyohiyo Kabura alifika na kiondo. Juu kulikuwa na njahi, zile kunde nyeusi, kama apelekewavyo mzazi yeyote wa Kikuyu. Chini, ndani ya gazeti, kulikuwa na chupa ya bia nyeusi.

Msomaji asishangae. Kabura hakupeleka pombe kwa mtu, na angekula kiapo juu ya hilo. Damu nzito ni nyeusi. Njahi ni nyeusi, nazo huongeza damu. Kwa hiyo chupa nyeusi nayo ni ya damu, na kitu cha damu ni dawa. Baa hakuingia hata siku moja. Alisimama nje ya mlango wa nyuma, akatamka "dawa" kwa sauti ambayo soko zima lilisikia, na mwenye baa, bwana mmoja aitwaye Moffat, akamtolea chupa kwa mikono miwili. Kwa miaka saba hakuna mwanamke aliyezaa kwenye ukingo ule asipelekewe chupa za Kabura. Hata wazee wawili wa chama walipelekewa za magoti.

Aliifukia chupa kwenye majivu ya moto mpaka ikapata uvuguvugu, akamimina kwenye kikombe cha bati, na kabla ya kumpa mgonjwa akapiga funda moja yeye mwenyewe. Hiyo pia ni desturi. Mwenye kuleta kinywaji ndiye anayetoa uchawi.

"Kunywa," alisema.

Wacera alionja, uso ukamkunjamana. Ilikuwa kama maji yaliyooshewa sufuria ya njahi zilizoungua.

"Hii kitu ni chungu, mama."

"Dawa gani ulisikia ni tamu? Kunywa. Ama unataka mimi nikose maziwa?"

Akanywa kwa sababu ya mtoto, huku ameziba pua. Wiki ya kwanza alikuwa akimeza na kufuatisha ndizi. Wiki ya pili alisahau kuziba pua. Jioni moja ya wiki ya tatu aliliacha funda ulimini, akaligeuza, na mle ndani ya uchungu akakuta kitu anachokijua. Ulikuwa ni ukoko. Ule ukoko wa chini ya chungu cha uji wa wimbi, ambao yeye na dada zake walikuwa wakiugombania kwa vijiko, mweusi pembeni, chachu kidogo, na utamu wake hauji mpaka umeshameza. Tangu jioni hiyo alikuwa akisikiliza kiondo kikiingia getini.

Nguvu zikarudi, rangi ikarudi, mtoto akanenepa. Siku ya arobaini Kabura alikuja na njahi peke yake.

"Na ile dawa?" Wacera aliuliza, akijifanya anapanga vikombe.

"Umepona. Dawa ya nini tena?"

Wacera akajibu ni kweli. Lakini mwonja asali haonji mara moja. Alivumilia miezi minne. Mwezi wa tano, siku ya soko, akapanda gari mpaka Kiriaini, ng'ambo ya mpaka wa Murang'a, ambako hakuna aliyemjua, akaingia baa mchana kweupe na kuketi meza ya dirishani. Akaagiza nyeusi moja, na kabla ya kufunguliwa akamwomba mhudumu aiweke kando ya jiko ipate moto. Mhudumu alimtazama kana kwamba ameomba mandazi ya baridi, lakini akaiweka. Wacera alikunywa taratibu, peke yake, hana homa wala kichanga cha kunyonyesha, na akafurahi kuliko alivyofurahi kwa muda mrefu. Alipoinua macho, Watiri alikuwa amesimama nje ya dirisha na kikapu cha nduma kichwani.

Watiri alikuwa mwanachama mwenzake, mtunza sheria, mtu wa kukumbuka nani alichelewa mwaka juzi. Alirekebisha kikapu chake akaenda zake.

Siku mbili baadaye, Wacera akiwa kwenye kahawa anapogoa, Kabura alimjia kati ya mistari.

"Watiri ameniambia," alisema. "Mimi nikamwambia wewe uko na shida ya damu. Alhamisi tukiwa kwa Warigia, ukisimama, sema hivyo tu. Sema ilikuwa dawa."

"Sina shida ya damu, mama."

"Utakuwa nayo mpaka Alhamisi."

Wacera aliendelea kukata matawi. Moyoni aliogopa, na aliogopa kitu kimoja tu: ile kamba. Watoto wangekula, mume angesikia akanyamaza, lakini kuketi nyumbani wakati wengine wanaezeka, na kujua boriti imewekwa vibaya na huna ruhusa ya kusema, hilo asingelivumilia.

"Dawa haitamaniwi, mama," alisema mwishowe. "Mimi hii kitu naitamani. Nikisema ni dawa, nitakuwa mgonjwa mpaka nife."

"Sheria haijui kutamani. Ukisema umekunywa, mimi mwenyewe ndiye nitakutoa. Unaelewa?"

"Naelewa."

Kabura aliondoka kwa hatua ndefu, anakanyaga matawi.

Alhamisi wakakutana kwa Warigia, mjane mwenye mapacha. Nyasi zote zilikuwa zimeshushwa jana yake, nyumba iko wazi kama kikapu, mabati yameegemezwa uani. Upande wa milima ya Nyandarua wingu lilikuwa limeanza kujaa. Haikuwa siku ya maneno mengi. Wakajipanga, na viapo vikaanza, mdomo yangu ni safi, mdomo yangu ni safi, mpaka ikafika kwa Wacera.

Akasimama. Kabura alikuwa akimwangalia jicho kwa jicho.

"Jumamosi nilikunywa bia nyeusi chupa moja huko Kiriaini," Wacera alisema. "Sikuwa mgonjwa. Nilikunywa kwa sababu naipenda. Sikulewa na sikukopa. Lakini mdomo yangu siwezi kusema ni safi."

Akafungua kamba kiunoni, akaiweka juu ya bati la kwanza.

"Ameshasema mwenyewe," Watiri alisema, akainuka. "Mimi sina ubaya na Wacera. Lakini sheria ni sheria. Mwenyekiti, mtoe."

Kabura aliitazama kamba, akatazama boriti tupu, akatazama kina mama waliokuwa wakitazama miguu yao. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na Kabura alikuwa amewaona wote hawa bila siri, kwenye vitanda vyao, wakilia na kutokwa jasho.

"Sawa," alisema. "Lakini tutoe vizuri. Yule nilimpelekea ile chupa, hata kama ni moja, asimame."

Wakasimama. Warigia alisimama, maana alizaa mapacha akapewa mbili kila jioni. Wazee wa magoti walisimama kwa kusaidiana. Hapakubaki aliyeketi.

"Sasa yule alifurahi siku dawa iliisha, abaki hivyo amesimama. Yule aliitaka tena, akae. Na mtu asidanganye, mimi ndiye nilikuwa naokota chupa, na najua nani alikuwa anaigeuza juu chini kutafuta tone."

Wa kwanza kuketi alikuwa Wacera. Kisha Warigia akaketi, polepole, akijifunika uso kwa leso. Akafuata jirani yake. Wazee wa magoti waliketi pamoja, na mmoja akasema waziwazi kwamba magoti yenyewe hayakuwahi kuuma sana. Wakaketi watatu, wakaketi watano, kukawa na mnong'ono, mnong'ono ukawa kicheko cha kuzuiliwa, mpaka wakabaki watu wawili wamesimama: Watiri, na mwenyekiti.

Watu wakamgeukia Kabura. Yeye ndiye aliyekuwa akitoa uchawi. Funda moja kwa kila chupa, kila jioni, kwa kila mzazi, miaka saba. Hesabu hiyo kila mmoja aliifanya kichwani, na Kabura akawaona wakiifanya. Alishusha pumzi. Akakusanya sketi yake, akaketi chini kwenye nyasi.

Wacera alitaka kumwendea, akashindwa. Alijua mama yule ameshika nini moyoni, ni nusu ya shamba na kaburi, na kwamba kuketi pale kulimgharimu kuliko kusimama. Machozi yakamtoka, akayaacha.

"Basi, Watiri," Kabura alisema akiwa palepale chini. "Sisi sheria imetutoa wote. Chama ni yako. Mabati ni ile, na mvua ni ile inakuja. Kamba iko hapo."

Watiri aliyatazama mabati. Akaitazama kamba, ambayo hakujua ncha yake ya kuanzia. Akatazama mapacha wa Warigia wamekaa juu ya vitanda vyao nje, na wingu ambalo sasa lilikuwa limemeza mlima.

"Ile ya mtoto wa pili," alisema kwa sauti ndogo, "mimi nilimwagia ndama."

"Na ya wa kwanza?"

Watiri akakaa.

Kicheko kilichopasuka pale kilisikika mpaka kiwanda cha kahawa. Watiri mwenyewe alicheka akajifuta macho, akasema kwamba ndama naye alinenepa. Sheria ilibadilishwa kwa maneno machache, wakiwa wamekwisha kuinuka: anayelewa atoke, na anayekunywa paa la watoto wake atoke. Kisha Kabura aliiokota kamba, akamfunga nayo Wacera kiunoni kwa mikono yake mwenyewe, akakaza fundo kwa nguvu zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika.

"Panda," alisema. "Umetuchelewesha."

Bati la mwisho lilipigwa misumari matone ya kwanza yakianguka. Wote wakakimbilia ndani, mapacha, vitanda, kuku na wanachama ishirini na wawili, wakasimama wamebanana wakitazama juu. Mvua ikashuka kwa ghadhabu yote ya Nyandarua. Wacera alizungusha macho kona hadi kona, na hapakuwa na tone.

Kabura alijisogeza mpaka akamfikia. Aliinamia sikio lake kumnong'oneza, lakini mvua juu ya mabati mapya haikubali minong'ono, na ilimbidi apaze ile sauti yake ya ng'ambo ya bonde.

"Huko Kiriaini," aliuliza, na nyumba nzima ikasikia, "wanakupashia moto?"

"Ukiwaambia, mama," Wacera alijibu.