Wageni wa Ini

Sisimizi ndio walionipa habari kabla ya daktari. Asubuhi ile, nyuma ya nyumba ya Shangazi Mwanajuma kule Kisarawe, walijipanga mstari mwembamba mpaka pale kaka yangu Maulidi alipokojoa alfajiri. Nilisimama na ndoo mkononi, nikajua, nikajifanya sijui.

Miezi miwili na ushei kabla yake, Maulidi alirudi kutoka India akiwa hana kongosho. Lilikuwa limemtesa miaka sita, maumivu ya kumfanya mtu mzima ang'ate mto. Wapasuaji walilitoa, wakachuja ndani yake chembe zinazotengeneza insulini, wakazimimina kwenye ini lake kupitia mshipa. Zikishika huko, angejitegemea. Zikifa, ni sindano mpaka kaburini.

"Ini si kwao," Daktari Efrazia alituambia kliniki, Kibaha. "Hewa ni haba, damu inakuja moja kwa moja kutoka tumboni na makorokoro yake yote, na mwili wenyewe unazishambulia. Nyingi zimeshakufa. Zilizobaki ndiyo kwanza zinaota mishipa. Tunu, usiache kumchoma insulini hata sukari ikiwa nzuri. Zipumzike mpaka nikwambie mimi."

Nikaitikia kwa kichwa kama muuguzi.

Tukaenda Kisarawe ili apate utulivu. Kila asubuhi mashine ya kupimia sukari ilisoma sita, tano, sita. Maulidi akajaa mashavu, akaanza kumtania Shangazi kwamba atamtafutia mume. Ila kila nikimwendea na sindano alifumba macho, maana tumbo lilikuwa halina tena mahali pasipouma.

"Hao wageni wenu wanakula na kulala tu?" Shangazi aliuliza siku moja, akipepeta mchele.

"Wanapumzika, Shangazi."

"Miezi miwili? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mnazidekeza hizo, hazitafanya kazi abadani."

Tulicheka sote. Hicho ndicho kinachoniuma mpaka leo, kwamba tulicheka, na katikati ya kicheko nikaona Shangazi ana akili kuliko daktari. Sita, tano, sita, si zimeshazoea? Maulidi alinitazama, macho yake yakiomba. Kesho yake sikumchoma. Wala kesho kutwa.

Saba. Tisa. Kumi na moja.

"Ndiyo zinashika jembe hizo," Shangazi alisema. "Kazi ngeni lazima ikutoe jasho."

Iliposoma kumi na nne niliilaumu betri, nikanunua nyingine. Maulidi alikunywa maji kikombe juu ya kikombe, mtungi ukakauka kabla ya adhuhuri, na sote tukalisingizia joto. Ndipo wakaja sisimizi, wakifuata sukari kwenye mkojo. Hata hapo nilingoja siku tatu zaidi, kwa sababu nilimwogopa Daktari Efrazia kuliko nilivyoiogopa sukari. Niliona haya, basi. Haya yangu ilimgharimu kaka yangu siku tatu.

Kibaha walimchukua damu, wakamrudisha kwenye insulini, wakapima tena baada ya wiki kadhaa. Daktari alisoma karatasi mara mbili.

"Zilitwishwa mzigo kabla hazijashika mizizi," alisema.

"Zote, daktari?"

"Sioni hata moja inayojibu."

Hakugomba. Nilitamani agombe. Maulidi alifunga vifungo vya shati taratibu, akakosea kimoja, akaanza upya. Tulipofika barazani akanigeukia.

"Usijibebeshe peke yako, Tunu. Mimi ndiye niliyekutazama."

Kisha akapandisha shati alilotoka kulifunga. "Haya, choma. Saa imefika."

Huu ni mwaka wa nne. Anachoma mwenyewe sasa, mara nne kwa siku, na vidole vya miguu vimeanza kufa ganzi. Masika haya nilikwenda kumsalimia Shangazi, nikakaa siku tisa. Siku ya tisa mvua ilikatika, nikaona shamba la mihogo limesongwa na majani, nikachukua jembe lililoegemezwa ukutani.

Shangazi alitoka ndani mbio, peku, mgongo wake umepinda. Alilinyakua mikononi mwangu kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo.

"Kaa kitako, mwanangu," alisema. "Wewe ni mgeni."

Nikakaa. Alilima peke yake mpaka saa tano, na hakunitazama hata mara moja.