Swali la Tisa

"Nakuuliza kwa mara ya mwisho, nani kakufundisha?" Mwalimu wa hesabu, ambaye pia ndiye makamu mkuu wa shule, alipiga meza ofisini kwa walimu.

"Hakuna mtu, mwalimu. Nimefanya mwenyewe."

"Mwenyewe! We Njiti, kalkulasi ulizaliwa nayo?"

Walimu wakacheka. Mlangoni mama yake Njiti, mfagiaji wa shule hiyohiyo, alisimama na ndoo. Yeye hakucheka.

Jambo lenyewe hili hapa. Darasani mwalimu aliishia nusu ya intigresheni, mada ya kalkulasi. Nusu nyingine aliifundisha nyumbani kwake Jumamosi, kwa wanaolipa. Kwenye mtihani wa majaribio, swali la tisa hutoka nusu hiyo, na wasiolipa hulipita bila kuligusa. Wanajua si lao. Njiti akalijibu, tena akapata lote. Sasa anapewa sifuri ya wizi, na mwenye sifuri haandikishwi mtihani wa mwisho.

"Nipe lingine, mwalimu. Nifanye hapahapa."

"Eti nini? Haya!"

Akamwandikia ubaoni swali refu kama treni. Njiti akashika chaki. Ubao ulipomwishia akapiga magoti, akaandika jibu pale chini kabisa.

"Mh. Dogo kapata," mwalimu wa jiografia akasema.

"Si ndiyo hapo sasa! Anaijua yote, na kwenye orodha yangu ya Jumamosi hayumo. Kaitoa wapi kama hajaiba?"

Mama akaweka ndoo chini.

"Mwalimu, baba yangu, nisamehe. Ni mimi. Zile karatasi za masomo ya Jumamosi unazotupa kwenye pipa lako hapa ofisini, nilikuwa nampelekea. Nilijua ni taka tu."

"Mama, nyamaza!" Njiti akasema.

"Mwache aseme," mwalimu wa hesabu akasema, sasa kwa upole. "Kumbe mnaiba familia nzima. Basi mama, kesho usije. Na huyu sifuri yake ibaki."

"Mwalimu, niadhibu mimi, mtoto mwachie mtihani wake..."

"Nimemaliza. Ila kabla hujaenda, nifutie huo ubao. Nina kikao."

Mama alimtazama mwanawe, akachovya kitambaa kwenye ndoo. Akaanza juu, mstari baada ya mstari, akifuta vizuri mpaka kwenye kona kama alivyozoea. Alipofika chini, penye jibu, akapiga magoti.

Njiti akatoka, akafunga mlango.