Pikipiki ya Mahari Huja Imebebwa

Haya ninayoandika ni kweli kuanzia kichwa mpaka mkia. Naapa kwa jino langu la mbele, hili moja lililobaki, na mwenye kutia shaka aende Kambove aulize nyumba ya mzee Adalbert. Watamwonyesha hata mahali niliposimama. Hapa Katuba wenye wivu wanasema Papa Lucien anaongeza chumvi. Chumvi ya nini? Mimi nilipakia mizigo stesheni mpaka nikastaafu, na mtu aliyewahi kumwingiza kiboko mzima ndani ya behewa kwa kumdanganya na kabichi hana haja ya kuongeza kitu.

Israël ni mtoto wa dada yangu, fundi wa kuchomelea vyuma, kijana mpole. Alimpenda Deborah, msichana wa Kambove, na Deborah akampenda. Mbuzi zilikwisha kwenda, vitenge vilikwisha kwenda, suti ya baba mzazi ilikwisha kwenda. Ilibaki pikipiki ya mzee Adalbert, baba mkubwa wa Deborah, ambaye kwa Waluba wa ukoo ule ndiye mwenye neno la mwisho. Na mzee alikuwa ametuwekea sharti, kwa Kiswahili chetu ambacho pikipiki ni moto na mahari ni dot:

"Mbuzi ya dot inakuya na miguu yake. Moto ya dot inakuya ya kubebwa. Moto yenye imekwisha kutembea iko na mwenyewe, mimi sikamate. Na ifike Jumamosi, mbele ya jua kushuka. Tante Christiane anarudia Kasai asubuhi ya kesho yake. Moto isipofika, anaenda na Deborah. Tutazungumuza siku ingine."

Siku ingine! Tante Christiane ni shangazi yake Deborah, Kasai ni mbali, na huko kuna wanaume pia. Israël aliacha kula tangu siku aliposikia maneno hayo.

Mimi nilichaguliwa kuwa msemaji wa ukoo, maana bwana harusi hafungui mdomo mbele ya wakwe. Jumamosi hiyo niliamka kabla ya majogoo, nikavaa koti langu zuri. Sikuwa na kazi ya kufanya, miguu ilikuwa inaniwasha tu. Nikaizunguka ile pikipiki nyekundu, kiti bado kiko na plastiki yake, matairi bado yana vile vinywele vya mpira vya dukani. Nikaifuta. Nikaketi. Nikasimama, nikaifuta tena.

Rachid alikuja na pikapu yake nyeupe jua likiwa limeshapanda. Rachid ni jirani, anauza vitunguu, babu zake walitoka Maniema. Mtu mzuri, lakini hana haraka hata kama nyumba inaungua. Alishuka, akaangalia barabara, akaangalia ua wangu, akarudisha pikapu kinyumenyume mpaka mlango wa nyuma ukagusa ukingo wa mfereji, pale ambapo ua uko juu na barabara iko chini. Hapo pikipiki haina mlima wa kupanda. Tulitandika magunia ili matairi yasiguse matope, tukaweka ubao mfupi, Israël akashika usukani, mimi nikasukuma kiti. Ikaingia kama mkate kwenye tanuri.

Rachid akaitia gia ya kwanza isirudi nyuma. Akaukandamiza usukani kwa kifua mpaka springi za mbele zikashuka, akafunga kulia na kushoto kwa vipande vya mpira wa ndani ya tairi. Akatikisa. Pikapu yote ikatikisika pamoja na pikipiki.

Mimi nikafungua nikafunga upya.

"Papa Lucien," akasema Rachid, "unafunga moto ao unafunga mwizi?"

"Nafunga bibi ya Israël."

Nikafungua tena mpira wa kushoto. Israël akanishika mkono. "Tonton, tafazali. Twende."

Mpaka Likasi tulienda vizuri, ingawa mimi niligeuka nyuma kuiangalia pikipiki hadi shingo ikaanza kulia. Tulipoiacha Likasi na kushika njia ya Kambove, mambo yakasimama. Lori la mawe ya mgodi lilikuwa limekatika ekseli katikati ya daraja dogo, na nyuma yake kulikuwa na msururu wa malori ambao mwisho wake, naapa, ulionekana kutoka mwezini. Madereva walikuwa wameshatandika mikeka chini ya magari. Mmoja alikuwa anapika maharagwe, na maharagwe, mnajua, mtu hapiki kama anatarajia kuondoka.

Rachid akazima injini. Akatoa chungwa, akaanza kulimenya polepole, ganda lisikatike.

"Rachid, fanya kitu," nikasema.

"Nafanya. Namenya chungwa."

"Jua linaenda!"

"Kwenda njo kazi ya jua, Papa. Sisi tuko benye kungoja. Wataondoa ile lori, tutapita."

Nikashuka. Nikaenda mpaka darajani, nikarudi. Nikamuuliza mpishi wa maharagwe kama yanaiva. Nikapanda, nikashuka tena. Na kila dakika manseba, hawa vijana wa pikipiki za abiria, walikuwa wanapita kando ya malori, vuuu, wanapenya kati ya lori na ukuta wa daraja, vuuu, wamekwenda. Kila aliyepita alinichoma kama sindano.

"Israël," nikasema, "tuko tumeketi chini ya nini?"

"Chini ya jua, Tonton."

"Tumeketi chini ya jua na moto nzima nyuma yetu, na moto zinapita pale."

Akaelewa, akabadilika rangi. "Papa Adalbert alisema isitembee."

"Papa Adalbert iko Kambove. Macho yake iko Kambove. Tukifika pembeni ya mji tunatafuta pikapu, tunapandisha, tunaingia ya kubebwa. Nani atajua?"

"Tonton, tungoje."

"Ngoja wewe, na Deborah atakungoja Kasai."

Neno hilo lilimwingia. Rachid alitikisa kichwa, lakini alitusaidia kuishusha. Kushusha ni kazi ya watoto, kitu chochote kinapenda kushuka. "Mimi nabaki na gari yangu," akasema. "Mungu awalinde, na Papa apunguze moto ya miguu."

Nikapanda mbele, Israël nyuma, ameishikilia ile plastiki ya kiti isipeperuke. Tukapenya. Ee, jamani! Niliendesha mbio hivi kwamba upepo uliniondoa mikunjo ya uso, na mbuzi wa njiani walikuwa wanasimama kunisalimu. Lakini furaha ile ilikuwa na kuwashwa ndani yake. Kila jiwe lililogonga tairi, nilisikia sauti ya mzee Adalbert. Vile vinywele vya mpira vilikwisha vyote.

Pembeni ya Kambove tukaizima na kusimama chini ya mti kama wezi, kwanza tukageukia ukuta uliokuwa pale tukafuta matope kwa shati la ndani la Israël. Magari yalipita: lori, gari dogo, lori. Hakuna pikapu. Israël alikuwa anaangalia jua, mimi naangalia barabara, hakuna aliyeketi. Mwishowe ikaja pikapu kuukuu, mlango mmoja umefungwa na waya. Dereva akajitambulisha kwa jina la Gérard. Nyuma alikuwa na magunia ya makala, yaani mkaa.

"Kaka," nikamwambia, "utupelekee hii moto kwa mzee Adalbert."

"Iliharibika?"

"Hapana."

"Mafuta ilikwisha?"

"Hapana, iko nzima."

Gérard akanyoosha kidole juu ya kofia yangu. "Nyumba ya Adalbert si ile pale? Ya bati ya rangi ya kijani? Naona hata kuku yake."

"Ndiyo, njo pale."

"Munataka nibebe moto nzima mpaka pale?"

"Kaka, ni mambo ya dot."

"Aaa," akasema, kama daktari aliyeona ugonjwa. "Basi tupandishe."

Tupandishe! Hapo hapakuwa na ukingo, hapakuwa na ubao, na pikapu yake ilikuwa imeinuka juu kama jukwaa la muziki. Tukainua gurudumu la mbele, likashika. Tukainua la nyuma, la mbele likageuka, usukani ukanipiga mbavu. Tukaanza upya. Safari hii ikakwama katikati, tumbo la pikipiki limelala juu ya ukingo wa chuma, magurudumu yote mawili yako hewani, na mimi niko chini yake nimeibeba kwa kichwa. Injini ilikuwa bado na joto. Kofia yangu ikaanza kunuka. Israël alikuwa anaivuta kutoka juu ya magunia, shati lake jeupe la harusi limekuwa la fundi wa makala.

Wakapita wachimbaji wanarudi kutoka mashimoni, na sepetu zao begani. Wakasimama kutuchungulia.

"Papa, moto yenu iko mugonjwa?"

"Iko muzima!" nikapiga kelele kutoka chini.

"Sasa juu ya nini munaibeba, na yeye iko na miguu?"

"Muache, pengine iko na mimba," mwingine akasema.

Walicheka mpaka wakaweka sepetu chini. Halafu, Mungu awabariki, wakaishika, mmoja akahesabu kwa sauti, na pikipiki ikaruka ikaanguka juu ya makala, puu, wingu jeusi likatufunika sote. Hakukuwa na muda wa kuifunga. Mimi na Israël tuliikumbatia, mmoja huku, mmoja huku, na Gérard akatupeleka taratibu ule mwendo ambao hata bibi kizee angeutembea bila kupumzika.

Tuliingia kwa vigelegele. Wamama walirusha unga wa poda. Deborah alikuwa mlangoni mwa jiko, kitambaa kipya kichwani. Alimwona Israël vile alivyo mweusi akafunika mdomo. Mzee Adalbert aliketi katikati ya ua, Tante Christiane kulia kwake. Jua lilikuwa bado liko juu ya bati.

"Msemaji," akasema Adalbert, "moto ilikuya aje?"

"Ya kubebwa, Mzee! Unajionea."

"Naona. Lakini mulisema mutakuya na pikapu nyeupe ya Rachid. Hii ni ya Gérard."

Hapa mtu mwingine angenyamaza. Mimi mdomo wangu una ugonjwa ule ule wa miguu yangu.

"Mzee, acha nikueleze, machozi yasikutoke. Nyuma ya daraja, shimo la wachimbaji lilifunguka katikati ya barabara. Likaimeza pikapu ya Rachid!"

"Ee! Na moto?"

"Moto? Mimi na Israël tuliirusha juu pikapu ikiwa inazama. Gérard alikuwa anapita. Akaipokea hewani! Tairi halikugusa hata jani."

Gérard aliangalia viatu vyake. Israël alifumba macho.

"Endelea," akasema Adalbert, anavuta kiti karibu. "Shimo lilikuwa na urefu gani?"

"Mzee, nilitupa jiwe, mpaka sasa nangoja sauti yake."

"Na Rachid maskini?"

"Tulimwacha anashikilia muzizi," nikasema, na nikavua kofia kwa heshima.

Adalbert akageuza kichwa kuelekea nyumba. "Rachid! Shikilia vizuri!"

Pazia likafunguka. Rachid akatoka, vidole bado vina bukari, ugali wetu, na mlenda, shavu moja limejaa. Akameza kwanza, hana haraka yule.

"Papa Lucien," akasema, "muzizi ilikatika."

Ua wote ulianguka kwa kicheko. Kumbe tulipovuka daraja tu, ilikuja katapila ya mgodi ikalisukuma lile lori kando. Rachid alitupita tukiwa chini ya ule mti, tumegeukia ukuta kufuta matope, hakutuona, hatukumwona. Alipofika aliulizwa moto iko wapi, naye akajibu kama alivyoulizwa: Papa alitangulia nayo. Pikapu yake ilikuwa nyuma ya jiko, inapoa.

Kicheko kikaisha. Adalbert hakuwa anacheka tena. Tante Christiane alikuwa amesimama.

"Ilitembea," akasema Tante. "Deborah, funga mizigo."

Israël, ambaye desturi inamkataza kusema, alipiga magoti kwenye vumbi. Mimi sikuweza kusimama wala kuketi. Kwa mara ya kwanza maishani nilitafuta uongo mdogo nikaukosa.

Adalbert akainua mkono. "Tante, ngoja. Kuna mwenye kuulizwa." Ndiyo kawaida: kabla ya ukoo kupokea mali, au kuila kama tunavyosema, msichana anaulizwa mbele ya watu. "Deborah, mwanangu. Hii moto, tukule ao turudishe?"

Deborah alitoka mlangoni. Aliizunguka pikipiki, akapitisha kidole kwenye tairi, akaangalia kidole. Akamwangalia Israël aliyepiga magoti, mweusi kama sufuria. Mimi hakunitazama hata kidogo.

"Mukule, baba," akasema. "Israël hakudanganya mutu. Lakini mwenye mudomo alipe kwanza, na alipe yeye, si bwana yangu."

Wamama wakapiga vigelegele vya kupasua masikio. Tante Christiane akaketi. Adalbert akanipima toka juu mpaka chini, kama mtu anayechagua nyama buchani.

"Koti ile ni muzuri," akasema.

"Mzee, hii ni koti ya kustaafu kwangu, nilipewa mbele ya wakubwa..."

"Rachid, ni kweli?"

"Aliinunua soko ya mtaa wa Kenya, karibu na Katuba, mwaka jana," akasema Rachid. "Nilikuwa naye."

Nikaivua. Adalbert akaivaa, ikamkaa kuliko ilivyonikaa mimi. Halafu akasema moto haijafika bado: ishushwe kwa Gérard, ipandishwe kwa Rachid, izunguke kata, ndipo iingie ya kubebwa kweli. Na msemaji ashike gurudumu la nyuma, upande wenye uzito, wengine waimbe. Nikainama, shati la jasho, mbavu zinaniuma, wamama wananipigia makofi ya mwendo.

"Pole pole, Papa Lucien," akasema Rachid, anamenya chungwa lingine. "Leo hatuna haraka."