Sosi ya Kipimo cha Mkwe

Siku mjukuu wake alipotimiza mwaka mmoja, fundi cherehani alichoma nyama kwa mkono wake na kuipaka sosi aliyoipika mwenyewe. Kisha akamwona mkwe wake, mama mzazi wa mke wa mwanawe, akiikwangua sosi ile kwa kisu na kuisogeza ukingoni mwa sahani, polepole, kama mtu anayetoa tope kwenye kiatu. Angesema neno, fundi angejua pa kuanzia kubisha.

Miaka arobaini alishona suti, na hakuna mteja aliyewahi kuvua koti lake mbele za watu. Jambo lile lilimkaa kooni. Basi mwanawe alipopandishwa cheo na ikakubaliwa nyama ichomwe tena Jumamosi, fundi alitangaza kwamba safari hii mkwe ataila sosi na sahani ataifuta. Mkewe akamuuliza kama nia yake ni kumlisha mgeni au kumkomesha. Akajibu kwamba vyote viwili.

Kosa lake alishalijua. Alimshonea mtu bila kumpima. Alhamisi akampigia simu mkwe, akamwomba kwa heshima zote aje kujaribu.

Mkwe alikuwa mkunga mstaafu, mtu wa maneno machache. Alipofika kwa fundi, alikuta jiko la gesi limewekwa juu ya meza ya kukatia vitambaa, maana mke wa fundi alikataa vurugu hizo jikoni mwake. Nyanya zilikuwa zimeshachemka na vitunguu, zimechujwa, zimerudishwa motoni na siki, sukari guru na haradali, mpaka zikaganda mgongoni mwa kijiko. Kila kilichoingia kilichorewa mstari wa chaki mezani. Pembeni palikuwa na sufuria ya pili, sosi tupu isiyo na chumvi wala pilipili, akiba, kama kitambaa kinachoachwa ndani ya pindo ili nguo ilegezwe ikibana.

Fundi alimkalisha mbele ya kioo kirefu, kwa mazoea tu, akampa kijiko.

"Mkwe, usinionee haya. Wapi panabana?"

Mkwe alifumba macho. "Mbele. Siki imekaza."

Fundi akatia sukari vijiko viwili, akachora mistari miwili. Mkwe akaonja tena, akasema sasa imempwaya kama nguo ya kuazima. Fundi akarudisha siki kidogo, akatia chumvi ili kuikaza, chumvi ikapita kiasi. Akaimimina ile akiba yote, na mambo yakarudi mahali pake.

"Mbele pamekaa," mkwe alisema. "Nyuma pamelegea."

Nyuma ya ulimi ndiko fundi alikohesabu kwamba pilipili hukaa. Akaongeza kijiko. Bado pamelegea. Akaongeza kingine, na kingine. Mkewe, aliyekuwa akichungulia mlangoni, alipiga chafya tatu mfululizo, akawakumbusha kwamba Jumamosi watakuja watu ishirini na wote wana midomo. Fundi akamwambia kwamba kitu kinachowatosha watu ishirini kwa pamoja ni shuka, na yeye hajawahi kushona mashuka. Kwenye kijiko cha sita, mkwe alifumbua macho.

"Hapo," akasema. "Usiguse tena."

Jumamosi, wa kwanza kuonja alikuwa bosi wa mwanawe, mtu mnene mwenye sauti. Alimeza, akanyamaza katikati ya sentensi, akatazama mbele kama aliyekumbuka kwamba ameacha pasi kwenye umeme. Kisha akaomba maji. Jirani aliomba maji bila kutoa sauti, kwa mkono tu. Dakika kumi hazikupita, uani kote watu walikuwa wanakula nyama kwa chumvi na ndimu, na bakuli la sosi likawa linasukumwa kutoka meza hadi meza kama barua isiyojulikana ni ya nani.

Mwanawe alimfuata kwenye mkaa, akamnong'oneza, "Baba, izimue basi, hata kwa maji."

Fundi alitazama bakuli. Lilikuwa limefika mbele ya mkwe. Akazimue nini? Ukilegeza hapa, unaharibu mabega. Alikataa, akachukua sahani yake, akaenda kuketi kando ya mkwe.

Mkwe alichovya, akala, akachovya tena. Alikula mbavu mbili, akala ya tatu, akachukua mkate, akaifuta sahani mpaka ikang'aa. Halafu akamjazia fundi sosi kwenye sahani yake, vijiko vitatu, kama anavyojaziwa mtu wa karibu. Fundi hakuwa ameionja tangu kile kijiko cha pili cha pilipili. Akala. Alikula yote, maana mtu hawezi kukataa kazi yake mwenyewe mbele ya mteja, na machozi yakamshuka mashavuni hadi kwenye kola.

Mkwe akafungua mkoba, akampa kitambaa.

"Usilie, mkwe," akamwambia kwa upole. "Hata ile ya kwanza haikuwa mbaya kiasi hicho."

Fundi alijifuta, akatikisa kichwa, akamwacha aamini hivyo. Sauti ya kumkanushia hakuwa nayo.