Wabunge wa Vuguvugu

Wenzao chamani waliwaita Vuguvugu, kwa kuwa hawakuwa moto wala baridi. Walikuwa wabunge wachache wa chama tawala waliotaka muswada wa magazeti upunguzwe makali, chama kisivunjike. Jumamosi walikutana kwenye kliniki ya meno ya shemeji yake Wakili, mwanamke pekee kati yao. Walikaa kwenye viti vya wagonjwa, shemeji akiwamiminia chai huku katega sikio.

Jumatatu, Mnadhimu wa chama, ambaye kazi yake ni kuhakikisha wabunge wanapiga kura inavyotakiwa, alimsimamisha Wakili kwenye korido.

"Dada, nasikia kifungu cha adhabu kisipoondolewa mtatoka nje kura ikipigwa. Kweli?"

Hayo yalisemwa kliniki tu.

Tangu hapo hakumwamini mtu, hasa Mwalimu, rafiki yake wa siku nyingi aliyemwingiza kundini. Mbona alikuwa akicheka na Mnadhimu kantini? Mbona simu yake ikilia hutoka nje? Wakili akawanong'oneza wengine, wakakubaliana bila Mwalimu: wasitoke, waupitishe muswada, marekebisho wayadai baadaye.

Siku ya kura Mwalimu alinyanyuka kutoka nje. Mlangoni akageuka kuwatazama wenzake. Wakili alijifanya anatafuta miwani mkobani.

Chama kilimfukuza, na ubunge ukaenda na maji.

Wiki hiyo hiyo shemeji alikuja kula kwa Wakili.

"Mnadhimu wenu ana gego bovu, shemeji. Kila akija namsimulia mipango yenu ili asahau maumivu. Maskini, mdomo wazi, hata kujibu hawezi."

Wakili alirudisha kijiko kwenye sahani. Hakula tena.

Kesho yake alimkuta Mwalimu akipakia vitabu ofisini.

"Nilidhani ni wewe," alisema.

"Nilijua."

"Zile simu..."

"Mama hasikii vizuri. Nikiongea naye lazima nipaze sauti." Alifunga boksi kwa kamba. "Ungeniuliza tu, mdogo wangu."

Wakili alimsaidia kubeba maboksi hadi kwenye gari. Jioni aliwaeleza wenzake ukweli wote, wa shemeji na wa gego. Walimsikiliza kwa heshima, mmoja akampa pole. Baadaye alisikia kwamba walikuwa wameshakutana mahali pengine, na hakuna aliyemwalika.