Gazeti la Saba

Asajile alirudi Isongole mwaka wa hamsini na tatu na kifua kibovu, na sanduku la bati ambalo watu wawili walilibeba kwa zamu tangu kituo cha magari. Ndugu walisogea kuona mali ya mgodini. Sanduku likafunguliwa: koti moja, viatu, blanketi mbili, na chini kabisa magazeti ya picha ishirini na moja, yamefungwa kwa kamba ya mkonge.

"Miaka sita kwenye shaba, ukanunua karatasi?" aliuliza Mzee Mbonile, baba yake mkubwa, aliyemlea yeye na dada yake Tulinagwe wazazi wao walipokufa.

"Si karatasi, baba mkubwa. Humu mna watu."

"Watu nao wanakula ugali?"

Ndugu wakacheka. Asajile naye akacheka mpaka kikohozi kikamkamata, na hapo kicheko cha wengine kikakatika.

Kulima hakuweza tena. Asubuhi Tulinagwe alimtandikia mkeka nyuma ya nyumba, upande wa migomba ambako jua linawahi kufika, naye akayapanga magazeti yake kama mama apangavyo mbegu. Kila moja lilikuwa karatasi moja kubwa iliyokunjwa: picha upande mmoja, matangazo ya sabuni na baiskeli upande wa pili. Katikati ya matangazo hayo alikuwa ameandika kwa penseli, kwa Kiswahili, maana dada yake alikuwa amefika darasa la nne na Kizungu hakukijua.

"Huyu Mama Kunguru," alimwambia, "msome siku una huzuni. Anawapiga wezi kwa mwavuli. Huyu wa mabawa ya chuma mpuuze. Maringo mengi, kazi kidogo, kama bwana harusi."

"Na huyu mwenye taa kichwani?"

"Ah! Huyo ndiye Bwana Radi. Huyo ana magazeti saba, na usiruke hata moja, Tuli. Ukiruka umemkosea adabu."

Bwana Radi alivaa kofia ngumu yenye taa, akashuka chini ya ardhi. Mwamba ukiporomoka, yeye aliuzuia kwa mgongo mpaka mtu wa mwisho atoke. Asajile aliyaona mambo hayo kwa macho yake, ila siku aliyoyaona hapakuwa na wa kuuzuia mwamba. Hilo alilisema mara moja tu, akiwa ametazama pembeni.

Walisoma polepole. Yeye alieleza picha, dada akageuza nyuma na kusoma maandishi: hapa cheka, hapa mtazame vizuri huyu mzee, ana siri. La kwanza, la pili, hata la tano. La sita na la saba Tulinagwe aliyaona yamekunjwa, akatamani, lakini kaka alikuwa amemkataza kutangulia, naye alikuwa mtoto msikivu. Wiki hiyo hiyo Asajile akafa, saa nne asubuhi, uji wake ukiwa bado wa moto.

Matanga yalipokwisha, wazee wakakaa kugawa vitu vya marehemu. Koti likaenda kwa huyu, viatu kwa yule. Yakabaki magazeti.

"Baba mkubwa," Tulinagwe alisema, na wote wakageuka, maana msichana hasemi kwenye kikao kile. "Magazeti yasitenganishwe. Yanafuatana."

Mzee Mbonile hakumkemea. "Mwanangu, ndugu aliyekuja msibani hawezi kurudi na mkono mtupu. Kitu kikigawanywa sawa hakizai ugomvi."

Akayagawa kwa haki kabisa, mawili kwa huyu, mawili kwa yule, kwa jinsi mkono ulivyookota. Tulinagwe akapata la Mama Kunguru na la sita la Bwana Radi. Ndani ya wiki chache mengine yakawa yamesokotewa tumbaku, mengine yamefungiwa chumvi ya Ivuna, na moja likaenda Tunduma na mwenyewe.

La sita alilisoma peke yake kwenye mkeka ule. Mwamba ulikuwa umemwangukia Bwana Radi. Nyuma, chini ya picha ya baiskeli, kaka yake aliandika: *Usilie bado. Nenda la saba. Huko nimekuandikia wewe mwenyewe, yale ambayo mdomo wangu umeshindwa.*

La saba lilikuwa kwa Mzee Mbonile.

Alikwenda mbio. Mama mkubwa Ferista alikuwa akipepeta mahindi mlangoni. "Ingia, mama. Baba yako yuko na mgeni wake."

Ndani hapakuwa na mgeni. Mzee alikuwa kwenye kigoda, mbele ya ukuta, na ukutani gazeti la saba limebandikwa kwa uji mzito, limekauka, limeshikana na udongo. Picha zilikuwa mbele. Maandishi yalikuwa upande wa ukuta.

"Unamwona?" mzee alisema kwa upole, akigusa kofia ngumu yenye taa. "Wazungu wa mgodi walimchora kaka yako. Alikuwa na nguvu namna hii, na sisi hapa tulimpokea mifupa. Kila asubuhi namwamkia."

Ferista akaingia, akamvuta Tulinagwe pembeni. "Kama unalitaka, nitalilowesha maji nilibandue," alinong'ona. "Lakini yeye tangu alibandike ndipo ameanza kula."

Tulinagwe akausogelea ukuta. Akaweka kiganja juu ya karatasi, akaupapasa udongo ulivyopanda na kushuka nyuma yake. Hakuna herufi inayoshikika kwa kiganja. Bwana Radi alikuwa amesimama kwenye mdomo wa shimo, na mdomoni mwake mistari mitatu ya Kizungu.

"Wewe umesoma," mzee alisema. "Mimi namtazama tu. Hapo anasema nini?"

Ferista alishusha macho. Tulinagwe akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akakipeleka taratibu mpaka mwisho, kisha wa pili, kisha wa tatu.

"Anawasalimu nyumbani," alisema.

"Wote?"

"Wote, mmoja mmoja."

"Na mimi amenitaja?"

"Wewe amekutaja wa kwanza, baba mkubwa."