Besi ya Alhamisi

Du-dum. Du-dum. Sauti nzito ya besi ilipenya ukuta wa ofisi, na mguu wa Eleuterio ukaanza kuitika chini ya meza bila kumwomba ruhusa.

"Baba, mguu," binti yake Yareli alinong'ona.

Eleuterio aliukanyaga kwa mguu wa pili. Kwa miaka kadhaa, mchana aliendesha trekta katika mashamba ya zabibu, jioni akasoma katika chuo hiki kidogo cha miaka miwili, ngazi ya kupandia chuo kikuu cha Fresno. Yareli, aliyesoma naye hapo, alikwisha kupokelewa huko na krediti zake zote, yaani alama za kozi alizomaliza. Walikuwa wameahidiana kuanza pamoja Agosti.

Bi Thavisouk, mshauri wa wanafunzi, aliyezoea kumwita Eleuterio Don Tello kwa heshima, alishusha miwani. "Hesabu, sawa. Udongo, sawa. Kiingereza kilikutoa jasho, lakini sawa. Imebaki sanaa, Don Tello. Wanataka kozi moja, na katika maombi uliyojaza sioni hata nusu. Bila hiyo, ni mpaka mwakani."

Eleuterio aliivua kofia, akaiweka mezani.

"Si nilikwambia usome historia ya uchoraji?" Yareli alisema. "Ukasema itakulaza."

"Nilisema ukweli."

Ng'ambo ya ukuta besi ikateleza. Eleuterio akakunja uso kama aliyeng'ata ndimu. "Anawahi mdundo huyo mpigaji. Nisipokuwepo kumwongoza huwa anawahi."

"Usipokuwepo wapi?" Bi Thavisouk aliuliza.

"Hapo kwenye bendi ya mariachi, nyimbo za kwetu za magitaa na tarumbeta, kila Alhamisi. Walitaka mtu wa kubeba lile gitaa la besi lenye kitambi, wakayaona mabega yangu, nikaishia kulipiga."

"Ulijiandikisha?"

"Mwalimu wao hataki wapita njia. Nilijiandikisha, nikafanya mtihani, nikapata A."

"Mbona hukuandika?"

Eleuterio alimtazama kana kwamba ameulizwa kwa nini hakuandika chakula cha jioni. "Bibi, mle ndani tunacheka tangu mwanzo mpaka mwisho. Kwetu somo ni lile linalouma kichwa. Ningeandikaje starehe?"

Bi Thavisouk alikuwa keshageukia kompyuta. Akabonyeza, akasoma, akabonyeza tena. Yareli aliinama kuichungulia skrini.

"Starehe yako ni krediti tatu," mshauri akasema, "na Fresno wanazipokea kama sanaa. Tutarekebisha maombi leo hii. Agosti, Don Tello."

Eleuterio aliuachia mguu wake, ukapiga sakafu utakavyo. Kisha akamgeukia binti yake, aliyekuwa akifuta machozi huku anacheka.

"Yule jirani yako mwenye vifungo vya fedha," akasema, "si ndivyo ulivyoniita mbele ya rafiki zako, kwa kunionea aibu, siku ile bendi yetu ilipopiga sokoni? Basi jirani huyo mtakaa naye darasa moja."

Yareli aliinamisha kichwa, akakiinua. "Fresno nao wana mariachi, Baba. Siku yako ya kwanza nitalibeba mimi hilo gitaa, toka kwenye gari mpaka mlangoni. Na atakayeniuliza ni la nani, nitamjibu kwa sauti: ni la baba yangu."